Skramba kwenye Mchanga wa Ukambani

Pikipiki aina ya skramba huundwa kwa kazi mbili: kupita kwenye lami ikiwa na taa, indiketa na nambari ya usajili kama chombo kingine chochote, na kuingia njia za mchanga, mawe na matope bila kuumia. Tofauti yake na pikipiki ya kawaida ya boda huonekana kwanza kwenye magurudumu. Gurudumu la mbele ni kubwa, la inchi 19 au 21, ili likikutana na jiwe lipande juu yake badala ya kuligonga na kusimama. Springi zake zina nafasi ndefu ya kushuka na kupanda, tumbo la injini limeinuliwa mbali na ardhi, meno ya matairi yameachana, na usukani ni mpana ili mikono iweze kulimudu gurudumu linapotaka kwenda upande wake. Rimu hushikwa na spoki kwa sababu spoki hunepa kidogo zinapopata kishindo, kisha hurudi mahali pake.

Aina hii ilienea duniani baada ya mwaka 1968, Yamaha ilipotoa DT-1 ya 250 cc, chombo chepesi ambacho mtu aliweza kwenda nacho kazini Jumatatu na porini Jumamosi. Nchini Kenya skramba ilijulikana zaidi kama chombo cha kazi. Yamaha za DT na AG, na Honda za XL, zilibeba maafisa wa mifugo, mabwana shamba, mapadri na wahudumu wa afya hadi vijiji ambavyo gari lilifika kwa shida. Mwaka 2008 serikali ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo zisizofika 250 cc, boda zilijaa kila soko, na pamoja nazo wakaja mafundi, maduka ya vipuri na vijana wengi wanaoijua injini ndogo kwa mikono yao. Hali hiyo inamfaa sana mwanafunzi wa leo. Yamaha XTZ 125 au Honda XR150L ina injini ya silinda moja inayopozwa kwa upepo, uzito wake haufiki kilo 135, na fundi wa Wote au Mwingi anaweza kuifungua na kuifunga kwa spana za kawaida. Pikipiki kubwa za 650 cc hupendeza machoni, lakini anayejifunza huangusha pikipiki mara nyingi, na kilo 180 zilizolala mchangani saa saba mchana humaliza nguvu za mtu mapema.

Huko Ukambani, Kaunti ya Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na Makueni takriban 8,000. Lami ipo. Barabara ya Mombasa hupita Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, na ile inayotoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi mji wa Kitui nayo sasa ni lami. Lakini kilomita chache tu kando ya barabara hizo, ardhi hubadilika upesi. Mbooni, Kilungu na Nzaui ni milima ya udongo mwekundu, yenye njia zinazopinda na kuteremka ghafla. Karibu na Emali kuna tambarare za udongo mweusi. Kuelekea Chyulu ni mawe meusi ya volkano. Ng'ambo ya mto Athi umelala uwanda wa Yatta, lava ya kale iliyotiririka kwa karibu kilomita 300, na ukishuka upande wa pili unaingia nyika ya mchanga na migunga inayoendelea hadi Mutha, Endau na mpaka wa Tsavo Mashariki. Ni sehemu chache za Kenya ambapo mwendeshaji hukutana na ardhi za aina nyingi hivi katika safari ya siku moja.

Mafunzo huanza mahali tambarare na pa wazi, kama uwanja wa shule siku ya Jumapili kwa idhini ya mkuu wa shule, na huanza kwa mwendo wa mtu anayetembea. Wengi hudhani ugumu wa njia mbaya uko kwenye kasi. Kwenda polepole ndiko kugumu, na ndiko kunakomwokoa mtu anapofika kwenye mawe au ukingo wa korongo. Zoezi la kwanza ni la klachi: gia ya kwanza, moto kidogo usiobadilika, klachi iachiliwe hadi pale inapoanza kushika, na mguu wa kulia uguse breki ya nyuma kwa wepesi. Klachi ikishikiliwa pale pale, pikipiki hutambaa bila kuzimika na bila kuruka. Mwanafunzi huzunguka duara kushoto, kisha kulia, akiyapunguza maduara hayo hadi usukani unapogota mwisho, miguu ikiwa juu ya vikanyagio muda wote. Katika kona hizo za polepole, pikipiki hulazwa ndani na mwili ukabaki wima upande wa nje, kinyume cha kona ya kasi kwenye lami.

Baada ya klachi huja breki. Wengi waliojifunzia boda huogopa breki ya mbele na huitegemea ya nyuma peke yake, na hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa breki ya mbele ikivutwa kwa pupa juu ya changarawe humwangusha mtu mara moja. Lakini pikipiki inaposimama uzito wake husogea mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kuisimamisha, hata kwenye vumbi. Dawa ni kutumia vidole viwili, usukani ukiwa umenyooka, na kuvuta kwa kuongeza nguvu kidogo kidogo. Mwanafunzi hufanya zoezi hili kwanza kwa mwendo wa chini kabisa, kisha hujaribu kuliacha gurudumu la nyuma lijifunge na kuteleza makusudi, ili siku likiteleza bila kukusudia mwili usishtuke.

Jambo la tatu ni kusimama juu ya vikanyagio. Ukikaa kitini, kila shimo linapanda hadi uti wa mgongo, na uzito wako wote unakaa juu. Ukisimama, magoti yaliyokunjwa kidogo hufanya kazi ya springi, na uzito hushuka hadi kwenye nyayo. Magoti hubana tangi, viwiko hufunguka nje, kiuno hukunjwa ili kifua kisogee mbele, na mikono hushika usukani bila kuukaza. Macho hutazama mbali, pale pikipiki inapotakiwa kufika baada ya sekunde chache. Anayetazama jiwe lililo mbele ya tairi hulipiga jiwe hilo, kwa sababu mikono hufuata macho. Katika barabara za maramu zenye mikunjo mikunjo, mkao huu ndio humruhusu mtu kwenda mwendo wa wastani bila kutupwa pembeni, ila breki zikamatwe mapema, maana juu ya mikunjo tairi halishiki ardhi muda wote.

Mchanga ndio mtihani wenyewe wa Ukambani. Mito ya Tiva, Thua na Nzeeu huko Kitui, na Kaiti na Thwake huko Makueni, hubaki mikavu sehemu kubwa ya mwaka, na njia nyingi za mashambani huikata bila daraja. Mchanga wake umetokana na miamba ya kale iliyomomonyoka, punje zake ni kubwa na ngumu, na zikikauka hazishikani. Gurudumu la mbele likielemewa na uzito huchimba mchanga kama plau, pua ya pikipiki ikazama na usukani ukapinduka upande. Kwa hiyo kila kinachofanywa mchangani kina lengo moja, kulipunguzia uzito gurudumu la mbele na kulifanya la nyuma lisukume bila kukatika.

Kazi huanza kabla ya kuingia. Kwenye lami, matairi ya skramba ndogo hujazwa upepo wa paundi 22 hadi 30 hivi, kulingana na maagizo ya mtengenezaji na mzigo unaobebwa. Safari ikiwa na mchanga mrefu, upepo hushushwa hadi paundi 15 au 18, tairi likatanuka na kukanyaga eneo kubwa zaidi. Upepo mdogo una gharama zake. Rimu hupigwa na mawe kwa urahisi, na tairi linaweza kuteleza juu ya rimu likaivuta tyubu pamoja nalo. Dalili huonekana kwenye vali: ikiwa imelala upande badala ya kusimama wima, tyubu imeshavutwa na iko karibu kukatika shingoni. Upepo uachiliwe na tairi lirudishwe mahali pake kabla ya kwenda hatua nyingine. Kwa sababu hiyo pampu ndogo ya mkono na kipimo cha upepo havitoki kwenye begi.

Mwendeshaji huingia mchangani akiwa tayari na mwendo, gia ya pili au ya tatu, amesimama na kiuno kimerudi nyuma kidogo. Moto hauachiliwi ghafla. Akiuachilia, uzito huja mbele na gurudumu huzama. Pikipiki itayumba kushoto na kulia, na kuyumba huko ni kwa kawaida. Ukijaribu kuizuia kwa mikono unaongeza shida. Mwelekeo hubadilishwa kwa kukanyaga kikanyagio cha upande unaotaka kwenda na kuubana mwili kwenye tangi. Ikibidi kusimama, moto hupunguzwa taratibu mchanga ukaisimamisha wenyewe, bila breki ya mbele. Kuondoka tena ni kwa gia ya pili, klachi ikiachiliwa pole pole na miguu ikisaidia kusukuma, kwa maana gia ya kwanza hulizungusha gurudumu la nyuma mahali pamoja hadi cheni ifukiwe. Likifukiwa, moto ukomeshwe. Pikipiki hulazwa ubavu, shimo likajazwa mchanga kwa miguu, kisha hunyanyuliwa na kuanza upya juu ya ardhi iliyosawazishwa.

Mto mkavu una watu wake. Wanawake na watoto huchimba visima vya mchangani ili wapate maji ya kunywa, na punda wenye mitungi hushuka na kupanda kutwa nzima. Baadhi ya visima hivyo ni virefu kuliko gurudumu, na kutoka mbali havionekani. Kupita mbio katikati ya mto ni kuhatarisha maisha ya wengine, na kumwaga mafuta au kuoshea pikipiki karibu na kisima ni kuwaharibia maji. Kuna hatari nyingine ambayo wageni hawaijui. Wakazi wa Ukambani wamejenga mabwawa ya mchanga kwa wingi, kuta za zege zinazokatiza mto ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji. Anayefuata mkondo kuelekea chini huona mchanga ulio sawa kabisa hadi anapofika juu ya ukuta, na upande wa pili ardhi imeshuka mita kadhaa. Vilevile pale mchanga ulipozolewa kwa ajili ya ujenzi, kingo za mto husimama wima na mteremko uliopitika mwezi uliopita huenda haupo leo. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na makorongo yaliyochimbwa kabla yake bado yapo. Ukingo wowote usioufahamu utembelee kwanza kwa miguu.

Milima huhitaji busara ya namna nyingine. Kupanda njia ya Kilungu au kuukwea ukingo wa Yatta, mwendo huchukuliwa chini, gia ichaguliwe mapema, kifua kiende mbele juu ya tangi, na moto uwe wa kudumu hadi kileleni. Injini ikizimika katikati ya mwinuko, breki ya mbele peke yake haitoshi, kwa kuwa uzito umerudi nyuma na gurudumu la mbele huteleza chini likiwa limefungwa. Kinachofanywa ni kuiacha pikipiki kwenye gia na klachi ikiwa imeachiliwa, ili injini yenyewe ilizuie gurudumu la nyuma. Mwendeshaji hushuka upande wa juu wa mlima, akailaza pikipiki polepole upande huo, akaizungusha hadi pua itazame chini, kisha akainyanyua na kuteremka. Zoezi hili lifanywe mara kadhaa kwenye kilima kidogo kabla ya kwenda mlimani. Kuteremka ni kwa gia ya kwanza, klachi ikiwa haijavutwa, kiuno nyuma, na breki zote mbili kwa wepesi. Kuvuta klachi kwenye mteremko mkali ni kuikata breki ya injini, ambayo pale ndiyo kubwa kuliko zote.

Mvua hubadilisha kila kitu. Ukambani hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba, na zile za Machi hadi Mei huja kwa kubahatisha. Mchanga uliolowa kidogo huwa mgumu na rahisi kupita, lakini udongo mwekundu wa Mbooni huteleza, na ule mweusi wa tambarare hujisokota kwenye tairi hadi ujaze nafasi ya chini ya madigadi na gurudumu ligome kuzunguka. Juu ya udongo huo mweusi, kungoja jua la saa chache ni bora kuliko kusukuma. Mto unaoteremka na maji haujaribiwi. Maji huweza kufika kwa ghafla kutoka mvua iliyonyesha milimani, mbali na pale unapovukia, huku anga ya juu yako ikiwa safi.

Anayejifunza ataanguka, na kuanguka vizuri kunafundishika. Pikipiki inapopoteza mizani huachwa iende, na mguu hautolewi nje kujaribu kuizuia, maana ndivyo vifundo na magoti yanavyovunjika. Buti ndefu ngumu, glovu, kinga za magoti na viwiko, na helmeti iliyofungwa kidevuni si mapambo. Kwenye pikipiki yenyewe, mikono ya klachi na breki hufungwa kwa bolti zisizokazwa kupita kiasi, ili ikigonga ardhi izunguke juu ya usukani badala ya kukatika. Baada ya kuanguka, injini huzimwa na bomba la petroli kufungwa. Kunyanyua ni kwa nguvu za miguu: usukani hupindwa upande wa chini, mtu huigeuzia pikipiki mgongo, matako yakaegemea kiti, mkono mmoja ukashika usukani na mwingine kibebeo, kisha hurudi nyuma kwa hatua fupi fupi hadi isimame.

Sehemu ya pili ya mafunzo, ambayo wengi huiachia fundi, ni utunzaji. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Barry Coleman na mwanamichezo wa mbio za pikipiki Randy Mamola walikuta Somalia pikipiki za huduma ya afya zikiwa zimekufa kwa kukosa matunzo madogo madogo, nyingi zikiwa bado mpya. Kutokana na waliyoyaona, wao pamoja na Andrea Coleman wakaanzisha shirika la Riders for Health, lililofanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika likifundisha kwamba kila mwendeshaji aikague pikipiki yake kila siku kabla ya kuiwasha, na vipuri vibadilishwe kabla havijavunjika. Mtu anayeishi Zombe au Tseikuru anahitaji mafundisho hayo kuliko anayeishi Nairobi, kwa kuwa huko mbali kipuri kinaweza kuchukua siku nzima kupatikana.

Kichujio cha hewa huja mbele ya vyote. Vumbi la Ukambani lina punje ndogo za mawe yaleyale ya mchanga wa mito, ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikiingia ndani husaga ukuta wa silinda na ringi za pistoni, injini ikaanza kutoa moshi wa buluu na kula mafuta. Kichujio cha sponji huoshwa kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa na kukaushwa kivulini. Petroli haifai, huozesha gundi ya sponji na inaweza kulipuka. Kikikauka, hupakwa mafuta ya kichujio, kikabanwa hadi mafuta yaenee, na mdomo wa sanduku lake ukapakwa grisi ili vumbi lisipite pembeni. Pikipiki nyingine zina kichujio cha karatasi ambacho hakioshwi, hubadilishwa. Wakati wa kiangazi, anayefuata wenzake katika msafara huchafua kichujio zaidi kwa siku moja kuliko anayetembea peke yake kwa wiki.

Mafuta ya injini kwenye pikipiki hizi hulainisha injini, gia na klachi kwa pamoja, na kiasi chake ni lita moja hivi. Kwa kuwa ni machache, huchoka upesi, na kwenye joto na vumbi yabadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema. Chupa iwe na alama ya JASO MA au MA2. Baadhi ya mafuta ya magari yana dawa za kupunguza msuguano, na klachi iliyoloa mafuta hayo huanza kuteleza. Plagi ya moto husaidia kujua hali ya ndani: rangi ya kahawia ni njema, masizi meusi mara nyingi ni kichujio kilichoziba au petroli nyingi, na weupe ni dalili ya joto kali.

Cheni huuliwa na vitu viwili, mchanga na kukazwa mno. Kwa skramba, nafasi ya kucheza huwa kubwa kuliko ya boda, milimita 30 hadi 40 hivi au zaidi kadiri kitabu kinavyoagiza, kwa sababu gurudumu la nyuma linapopanda juu cheni hukazika zaidi. Hupimwa bila mtu kitini, na gurudumu lizungushwe ili kupima pale inapokaza zaidi. Huoshwa kwa mafuta ya taa na brashi laini, ikapanguswa, ikapakwa mafuta mepesi, ikapanguswa tena. Mafuta mazito yaliyoachwa juu hukusanya mchanga na kuyasaga meno. Cheni mpya ikiwekwa juu ya meno yaliyochongoka huisha kabla ya wakati wake, kwa hiyo hununuliwa vyote pamoja, hata kama mfuko unalalamika.

Spoki hukaguliwa kwa kugongwa moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza hulia kwa sauti ya juu, iliyolegea hutoa sauti nzito iliyokufa, na hukazwa robo mzunguko kisha ikapimwa tena. Bolti na nati zote hupitiwa baada ya safari ya kwanza ya mawe, hasa za usukani, vikanyagio, egzosti na kibebeo. Ukipaka mstari wa rangi unaounganisha nati na mahali iliposhikwa, utaona kwa jicho tu ikiwa imezunguka. Mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, na tope lipanguswe kwenye foku kabla halijakauka na kuchana sili.

Pancha ya mgunga haiepukiki, basi ifundishwe nyumbani. Mwiba haung'olewi haraka. Hutiwa alama kwanza, ili tundu la tyubu lijulikane liko wapi. Pikipiki huinuliwa kwa jiwe au gogo chini ya injini, ekseli hutolewa na gurudumu kulazwa juu ya gunia, si juu ya mchanga. Upepo uliobaki hutolewa wote, kisha ukingo wa tairi hukanyagwa kwa magoti hadi ushuke kwenye bonde la katikati ya rimu. Bila hatua hiyo pau za tairi hupigana na chuma, na wenye haraka hutoboa tyubu mara ya pili kwa pau yenyewe. Tyubu ikitoka, kitambaa hupitishwa polepole ndani ya tairi lote. Kikinasa, kuna mwiba mwingine, na mara nyingi upo, umekatikia ndani ya mpira. Mahali pa tundu husuguliwa kwa msasa, gundi hupakwa na kuachwa ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo kiraka kibandikwe na kukandamizwa. Tyubu hurudishwa ikiwa na upepo kidogo ili isijikunje, na sehemu ya mwisho ya tairi huingizwa upande wa vali, maji ya sabuni yakisaidia. Tyubu ya akiba ya inchi 21 inafaa kubebwa hata ikiwa ni moja tu, kwa kuwa kwa dharura inaweza kuwekwa kwenye gurudumu la nyuma ikamfikisha mtu sokoni.

Pikipiki iliyozama majini haiwashwi. Maji yaliyo ndani ya silinda hayabaniki, na kujaribu kuwasha huweza kupinda mkono wa pistoni. Plagi hutolewa, kichujio hukaguliwa, na injini huzungushwa kwa kiki hadi maji yatoke yote. Mafuta ya injini yakiwa yamegeuka meupe, yamechanganyika na maji, na ni lazima yamwagwe.

Sheria haiishi pale lami inapoishia. Mwendeshaji huhitaji leseni ya daraja la pikipiki kutoka NTSA, na Sheria ya Trafiki humtaka yeye na abiria wake mmoja tu wavae helmeti na jaketi linaloakisi mwanga. Pikipiki haziruhusiwi ndani ya Tsavo, na hata nje ya mpaka, upande wa Mutha na Kathekani, ndovu huvuka na kuingia mashambani, kwa hiyo njia hizo hazipitwi usiku. Mashamba ya milimani yana matuta ya fanya juu, kazi ya mikono iliyoenea Ukambani tangu miaka ya 1950. Alama ya tairi inayokatiza tuta hugeuka mfereji mvua ya kwanza ikinyesha, na mwenye shamba hupoteza udongo. Njia ikikosekana, geuka.

Anayeweza kuinyanyua pikipiki yake peke yake, kuigeuza katikati ya mwinuko na kuziba tyubu kwa mikono yake, huyo ameiva kutoka Mutomo kwenda Mutha mwenyewe, akiwa na lita kadhaa za maji na baada ya kumwambia mtu njia atakayoshika na saa atakayorudi. Asiyeweza mojawapo ya hayo aende na mwenzake anayeyaweza.